Kapteni Selous, Mtafuta Mayai ya Ndege

Kila mwaka, upepo wa kusi ulegeapo na kaskazi haijashika bado, fukwe za Kilwa hupata wageni. Maji yakipwa kati ya Kilwa Kisiwani na bara, na kule kwenye mikoko ya Kilwa Kivinje, wavuvi huwaona vitwitwi kwa mamia wakikimbia juu ya matope, na kati yao sululu wenye mdomo mrefu uliopinda kuelekea chini. Watu wengi hudhani ya kuwa ndege hao ni wenyeji wetu. Sivyo. Wengi wao wamezaliwa katika ncha ya kaskazini ya dunia, huko Siberia na nchi za jirani yake, mahali ambapo miti haioti na jua la mwezi wa Juni halizami, nao wamesafiri maelfu ya maili kuikimbia baridi. Kwa ajili yao pia, pamoja na mikoko na matumbawe, pwani ya Rufiji, Mafia na Kilwa ilitiwa mwaka 2004 katika orodha ya Ramsar, yaani orodha ya ardhi zenye maji ambazo mataifa yameahidiana kuzitunza. Ifikapo Aprili na Mei ndege hao huondoka, wakaenda kutaga kwao.

Leo twataka kuwaeleza wasomaji wetu habari za mtu mmoja aliyefika huko kaskazini, akaviona viota vya ndege wa nchi za theluji, na ambaye mifupa yake imelala katika nchi yetu. Jina lake lilitajwa kwa miaka mingi na kila mtu aliyekaa Liwale, Kilwa au Rufiji, kwa sababu pori lote liliitwa kwa jina hilo. Lakini ukiwauliza watu Selous alikuwa nani, wengi watakujibu kwamba ni jina la pori, basi. Hakuwa mtakatifu, wala hatumweki mbele ya vijana wetu ili wamfuate katika yote. Hata hivyo maisha yake yagusa mambo yaliyotupata sisi wenyewe, na yafaa kujulikana.

Frederick Courteney Selous alizaliwa London tarehe 31 Desemba 1851. Baba yake alikuwa mtu mkubwa katika soko la hisa la mji huo, na nyumba yao haikukosa kitu. Mtoto huyo hakupenda fedha wala biashara. Alisoma vitabu vya Livingstone, na shuleni mwalimu alimkuta usiku amelala juu ya sakafu tupu, kitanda amekiacha. Alipoulizwa sababu alieleza kwamba anauzoeza mwili wake, kwa kuwa atakuwa mwindaji katika Afrika. Tarehe 15 Januari 1867 alikuwa akiteleza pamoja na watu wengi juu ya barafu ya ziwa la Regent's Park. Barafu ikapasuka, na watu 40 wakafa. Kijana huyu, mwenye umri wa miaka 15, alijilaza kifudifudi, akatambaa kutoka pande moja la barafu hadi jingine mpaka akafika ukingoni.

Zaidi ya vitu vyote alipenda mayai ya ndege. Wasomaji wasishangae, maana katika Uingereza ya siku zile kukusanya mayai kulikuwa ni mchezo wa wavulana na hata wa waungwana wenye mvi. Yai lilitobolewa kitundu kidogo, likapulizwa mpaka ute na kiini vikatoka, na ganda likawekwa juu ya pamba ndani ya sanduku lenye vijumba, pamoja na jina la ndege na siku lilipopatikana. Alipokuwa katika shule ya Rugby, Selous aliogelea katika maji ya baridi kali hadi kisiwa cha ziwa la bwana mmoja, kisha akapanda miti mirefu ili apate mayai ya korongo. Baadaye akasomeshwa Uswisi na katika nchi za Kijerumani, na huko akagombana na mlinzi wa msitu kwa sababu ya kiota, wakapigana, naye kijana akalazimika kuiacha nchi hiyo upesi. Ndivyo ugomvi wake wa kwanza na Wadachi ulivyokuwa juu ya mayai ya ndege. Ugomvi wa mwisho ulikuwa juu ya jambo jingine.

Alishuka Afrika ya Kusini tarehe 4 Septemba 1871, mwenye umri wa miaka 19 na paundi 400. Alikwenda mpaka Bulawayo, akamwomba Mfalme Lobengula ruhusa ya kuwinda tembo. Mfalme alimwona ni mtoto tu, akacheka, akamruhusu. Basi Selous akaingia katika nchi ya mbung'o, ambako farasi hawaishi, akawafuata tembo kwa miguu, amevaa shati na viatu, akichukua bunduki nzito za kushindilia baruti zilizompiga begani kila alipofyatua. Yasemekana kinywaji chake kikubwa kilikuwa chai. Katika miaka michache tu aliua tembo makumi kwa makumi, akaishi kwa kuuza pembe. Kufika miaka ya 1880 tembo wa kusini ya mto Zambezi walikuwa wameadimika, naye mwenyewe alikiri jambo hilo katika maandiko yake. Ndipo alipogeuza kazi: akaanza kukusanya ngozi na mafuvu ya wanyama kwa ajili ya majumba ya makumbusho. Jumba la makumbusho la viumbe la London lina wanyama wake 524 kutoka mabara matatu.

Hapa hatuna budi kusema jambo lisilopendeza. Mtu aliyezijua njia zote za nchi ya Wamashona alikuwa na thamani kubwa kwa kampuni ya Cecil Rhodes. Mwaka 1890 Selous ndiye aliyeongoza msafara wa kampuni hiyo, akakata njia ya magari katika pori mpaka mahali walipojenga Fort Salisbury, ambapo leo ni Harare. Mfalme aliyemcheka na kumkaribisha alipoteza ufalme wake miaka mitatu baadaye. Wenyeji walipoinuka mwaka 1896, Selous alipigana upande wa walowezi. Wako wanaomsifu kwa ujasiri na ukweli wake, na hakika hata adui zake walimshuhudia kuwa mtu wa kweli. Lakini ujasiri wa mgeni anayeonyesha njia ya kuitwaa nchi ya mwenyeji wake ni sifa ambayo sisi twaitaja kwa sauti ya chini.

Mwaka 1894 alimwoa Gladys Maddy, wakakaa Worplesdon, mkoa wa Surrey, na karibu na nyumba alijenga jumba la kuwekea wanyama na mayai yake. Walizaa watoto wa kiume wawili walioishi mpaka kuwa wakubwa. Mtu mwingine angepumzika. Yeye kila mwaka ndege walipoanza kutaga hakuweza kukaa nyumbani. Alikwenda Asia Ndogo mara kadhaa, akapanda majabali kutafuta viota vya tai. Kisha moyo wake ukaelekea kaskazini.

Alikwenda Newfoundland kuwatafuta kulungu wa nchi za theluji, ambao husafiri kwa makundi makubwa kama nyumbu wetu wa Serengeti. Mwaka 1904, na tena mwaka 1906, alifika Yukon, katika pembe ya Kanada iliyo karibu na Alaska. Tujaribu kuipiga picha nchi hiyo. Mito yake hupitika kwa miezi michache tu ya kiangazi, kisha huganda. Msitu wake ni wa misonobari myembamba, na juu yake milima isiyo na mti. Humo yuko mnyama wa jamii ya kulungu, mrefu kuliko farasi, mwenye pembe pana kama makoleo, naye Selous alimfuata kwa mtumbwi, akiukokota kwa kamba pale mkondo ulipokuwa mkali. Hakuwa na wapagazi hamsini kama alivyozoea Afrika; alipika na kupasua kuni kwa mikono yake, naye alikwisha pita miaka 50. Mwaka 1907 alitoa kitabu juu ya safari hizo za kaskazini. Katika miaka iliyofuata alikwenda hata Iceland, kisiwa cha moto na barafu, si kwa wanyama wakubwa bali kwa ajili ya mayai tu. Mtu aliyewahi kusimama mbele ya tembo na simba alipiga magoti katika majani ya baridi akitafuta kiota kidogo kuliko kofia ya mtoto.

Twapenda kukawia kidogo hapa, kwa sababu ya ndugu yake. Edmund Selous alizaliwa mwaka 1857, akajifunza sheria, na yeye pia ujanani aliua ndege na kukusanya. Lakini mwaka 1898 alikaa kimya siku nyingi akimtazama ndege mmoja wa usiku, wa wale watagao chini bila kujenga kiota, akaandika saa kwa saa mambo aliyoyaona. Tangu hapo hakutaka tena kuua. Aliona kwamba ndege aliyekufa hatufundishi ila umbo lake, na kwamba mambo yote makubwa, jinsi anavyochumbia, anavyopigana, anavyowalea watoto, humo ndimo siri ilimo, nayo hupotea risasi ilipigwapo. Mwaka 1901 akatoa kitabu juu ya kutazama ndege, na mwaka 1905 kingine juu ya visiwa vya Shetland, kaskazini kabisa ya nchi ya Uskoti. Huko usiku wa kiangazi hauwi giza kamili, naye alilala juu ya magenge ya bahari akiwatazama ndege wa pwani maelfu, na wale wanyang'anyi wa angani ambao huwafukuza wenzao mpaka waangushe samaki wao. Aliwalaumu wazi wazi wakusanyaji wa ngozi na mayai.

Ndugu wawili wa tumbo moja, basi, waliwapenda viumbe wale wale. Mmoja alipenda kuwa navyo. Mwingine alipenda kuvitazama vikiwa hai. Leo sheria za Uingereza zakataza kabisa kuchukua mayai ya ndege wa porini, na twaona kwamba Edmund ameshinda hoja. Lakini dunia ilimsahau, ikamkumbuka kaka yake. Rais Theodore Roosevelt wa Marekani alimwomba Frederick ushauri kwa ajili ya safari yake kubwa ya Afrika ya Mashariki ya mwaka 1909; hakuna rais aliyemwita Edmund.

Vita vilipoanza mwaka 1914, Frederick Selous alikuwa na miaka 62. Aliomba kuingia jeshini, akakataliwa kwa uzee, akaomba tena. Mwishowe alikubaliwa katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichokusanya watu wa kila namna, wawindaji, wachunga ng'ombe wa Amerika, hata wachezaji wa sarakasi. Walishuka Mombasa tarehe 4 Mei 1915. Mwezi Juni walipigana Bukoba. Wakati vijana walipolazwa na homa mmoja baada ya mwingine, mzee huyu alikwenda kwa miguu siku kutwa. Mwaka 1916 hata yeye aliugua, akarudishwa Uingereza akapasuliwa, akarejea kabla ya mwisho wa mwaka.

Hapo mambo ya Kilwa yanaingia. Mwezi Septemba 1916 Waingereza waliitwaa Kilwa kutoka baharini, wakaleta jeshi kubwa, na mwezi Desemba wakapigana vikali na Wadachi huko Kibata, katika vilima vya Wamatumbi. Jenerali Smuts aliazimu kumbana Lettow-Vorbeck katikati: jeshi la Kilwa limzuie kusini, naye mwenyewe ashuke kutoka kaskazini kuelekea mto Rufiji. Kikosi cha Selous kilikuwa katika sehemu hiyo ya kaskazini. Tarehe 4 Januari 1917, siku ya nne baada ya kutimiza miaka 65, Kapteni Selous aliongoza askari wake kuzuia njia karibu na Behobeho. Wapiga shabaha wa upande wa pili walikuwa wamejificha. Yasemekana aliinuka atazame kwa darubini ajue wako wapi, na risasi ikampata kichwani. Wasimulizi husema kwamba Ramazani, mchukua bunduki wake, alipomwona ameanguka alikimbilia mbele kwa hasira, naye akauawa. Kapteni alizikwa chini ya mkwaju. Lettow-Vorbeck alimtaja baadaye kwa heshima. Mwaka mmoja baadaye, tarehe ile ile ya 4 Januari, mwanawe mkubwa, Freddie, rubani wa vita, aliuawa Ulaya. Bibi Gladys alipata habari mbili za namna hiyo katika miezi kumi na miwili.

Mtego wa Smuts haukunasa. Lettow-Vorbeck aliteleza kusini, mvua ikanyesha, na wapagazi wakaanza kufa. Twataka wasomaji wayaangalie maneno haya. Katika vita hivyo mtu mweupe mmoja aliyekufa Behobeho ana kaburi lenye jina lake, na watu hulizuru hata leo. Wapagazi waliowachukulia Waingereza chakula na risasi walikufa zaidi ya 40,000 kwa hesabu ya serikali yenyewe, na wako wanahistoria wanaokadiria kuwa idadi ya kweli yaweza kufika 100,000, wengi kwa kuhara, homa na njaa. Wadachi nao walikuwa na wapagazi wao, ambao kifo chao hakikuhesabiwa vema. Makaburi yao hayajulikani. Kumbukumbu yao kubwa ni jina la soko la Dar es Salaam, Kariakoo, ambalo ni matamshi yetu ya jina la kikosi cha wapagazi, na mara ngapi twanunua vitunguu pale bila kuwafikiri?

Kikosi cha Selous kiliendelea bila yeye. Mwezi Juni 1917 kilishuka Lindi, kikapigana kufuata bonde la mto Lukuledi mpaka Nyangao na Mahiwa, ambako katika siku nne za Oktoba 1917 waliuawa na kujeruhiwa zaidi ya watu elfu mbili upande wa Waingereza peke yao, nacho kikosi hicho karibu kikamalizika. Wakristo wa Lindi wanaijua Nyangao kwa sababu nyingine: ndiyo misioni ya Wabenediktini iliyochomwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, wakati Sista Walburga Diepolder alipopoteza maisha yake. Kati ya askari hao wa Lindi alikuwamo Angus Buchanan, ambaye mwaka 1914 alikuwa ndani kabisa ya pori la kaskazini ya Kanada akikusanya ndege kwa ajili ya makumbusho, hata habari ya vita ikamfikia kwa kuchelewa. Alipopata nafasi vitani aliandika habari za ndege wa nchi yetu, na mwaka 1919 akatoa kitabu juu ya miaka yake mitatu huku. Ajabu ya mambo: wapenzi wawili wa ndege, wote wawili waliokwisha liona pori la theluji, waliletwa na vita katika kikosi kimoja katika nchi ya mikoko na mbuyu.

Mwaka 1922 Waingereza waliliita pori la wanyama la huko kwa jina la Selous. Wengi huliita pori hilo nchi ambayo mwanadamu hakuigusa. Hilo si kweli. Ngarambe, alikotoka Kinjikitile na maji yake, iko kando ya pori hilo. Karibu na Liwale ndiko Askofu Cassian Spiss na wenzake wanne walikouawa tarehe 14 Agosti 1905. Wakati ule nchi ilikuwa na vijiji na mashamba. Majeshi ya Wadachi yalichoma chakula, njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na msitu ukarudi mahali palipolimwa. Katika miaka ya 1940, chini ya bwana nyama mashuhuri wa Liwale, C. J. P. Ionides, watu waliosalia walihamishwa kwa sababu ya ugonjwa wa malale, na mipaka ya pori ikasukumwa mbali. Wazee wa Liwale hawakusahau mahali makaburi ya babu zao yalipobaki. Pori hilo lilikua mpaka likawa la kilomita za mraba 50,000 hivi, na mwaka 1982 likatiwa katika urithi wa dunia.

Tembo nao hawakupona kwa kuwa na pori kubwa. Mwaka 1976 walihesabiwa kama 109,000 katika Selous na mbuga za jirani. Mwaka 2013 walibaki kama 13,000, kwa sababu ya majangili. Bunduki hizi hazikuwa za wageni wenye kofia za jua tu. Wengi walioshika bunduki walikuwa watu wetu, wakilipwa na matajiri wasioonekana porini.

Mwaka 2019 serikali iligawa pori hilo. Kilomita za mraba 30,893 zikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na kaburi la Behobeho limo humo. Jina la Selous limebaki kwa sehemu iliyosalia, ambayo sehemu yake kubwa iko kusini mwa mto Rufiji, nchi ambayo Kapteni Selous hakuikanyaga, kwa kuwa alikufa kabla ya kuuvuka mto.